Kabla Hujapuliza Pembe: Mwongozo kwa Mkristo Anayetafuta Mizizi ya Kiyahudi

Dalili zinajulikana. Salamu ya "Bwana Yesu asifiwe" umeiacha. Siku hizi ukikutana na wapendwa unasema "Shalom". Picha yako ya WhatsApp ni Yerusalemu wakati jua linazama. Yesu unamwita Yeshua hata kwenye sala ya kubariki chakula, na watoto wamefumbua jicho moja kuangalia unaongea na nani. Juzi umeuliza bei ya ile shuka nyeupe yenye mistari na vishada kwenye ncha nne. Shemeji zako nao wameanza kuulizana kama kitimoto cha Desemba bado kipo.

Usione haya. Hamu uliyonayo ni njema, na mwongozo huu umeandikwa ili isiharibikie njiani.

Yesu alitahiriwa siku ya nane. Wazazi wake walipompeleka hekaluni walitoa ndege wawili, sadaka ambayo Torati iliwaruhusu wasioweza kumudu mwanakondoo. Alipanda Yerusalemu kwa sikukuu. Alisoma gombo la Isaya katika sinagogi la Nazareti siku ya Sabato. Yule mama aliyetokwa damu kwa miaka 12 aligusa kishada cha vazi lake, kishada kilekile ambacho kitabu cha Hesabu kinawaagiza Waisraeli wakivae. Na siku ya Pentekoste inayosimuliwa katika Matendo, Yerusalemu ilijaa Wayahudi wa nchi nyingi kwa sababu siku hiyo tayari ilikuwa sikukuu yao. Ukiuondoa Uyahudi kwenye Agano Jipya, unabaki na majalada.

Yuko aliyejaribu kuuondoa. Marcion, tajiri mwenye meli kutoka Sinope, alitaka Wakristo waachane kabisa na Maandiko ya Kiyahudi pamoja na Mungu wa Maandiko hayo. Mwaka 144 hivi kanisa la Roma lilimtenga, na inasimuliwa kwamba lilimrudishia pia sadaka yake nono, sesterse 200,000. Kanisa kurudisha sadaka si jambo dogo. Pima hapo uzito wa mzizi wenyewe.

Shida iko kwenye namna tunavyouendea. Wengi wetu tunaingia kwenye mambo ya Kiyahudi kama ndugu waliokuja kugawana mirathi: huyu anabeba pembe, yule shuka, mwingine kinara cha taa saba, na mwenye mali amekaa barazani mzima wa afya, anatutazama. Wayahudi wapo. Leo asubuhi wamesali. Paulo aliwaonya Wakristo wa Roma wasijivune juu ya matawi ya mzeituni, kwa kuwa shina ndilo linalowabeba wao, wala wao hawalibebi. Mzizi unaoutafuta una wenyewe, na kila agizo lililomo humu linatokana na hilo.

Basi anza kwa kuweka pembe chini.

Naisema ile ndefu iliyojisokota, ambayo mahujaji wetu hurudi nayo kutoka Yerusalemu wameipakata safari nzima kwa sababu haitoshi kwenye begi. Hiyo ni pembe ya tandala mkubwa, na wenye desturi ya kuipuliza ni Wayahudi wa Yemeni. Tandala mkubwa ni mnyama wa Afrika, Ruaha yumo. Kwa hiyo umesafiri hadi Nchi Takatifu, ukalipa dola, ukanunua kitu cha bara lako. Isitoshe, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009, kukutwa na nyara bila kibali ni kosa. Kabla ya kumpigia simu mpiga kinanda mpange ibada ya mkesha, wapigie watu wa maliasili.

Kisha jifunze pembe hiyo ni ya nini. Katika jamii nyingi za Kiyahudi hupulizwa asubuhi za mwezi wa Eluli, mwezi wa kujiandaa, na kilele chake ni Mwaka Mpya wao, Rosh Hashana, ambapo kwa desturi hufika milio 100. Milio ina aina zake: mmoja mrefu ulionyooka, mmoja uliokatwa vipande vitatu, na mmoja wa vipande vifupifupi unaofanana na mtu anayelia kwa kwikwi. Siku hiyo ikiangukia Sabato, pembe hainyanyuliwi. Pembe ya ng'ombe haikubaliki, maana wahenga wao waliona ingewakumbusha ile ndama ya dhahabu. Maimonides, mwanachuoni mkubwa aliyefariki Misri mwaka 1204, alieleza kwamba sauti ile inawaamsha waliolala wayachunguze matendo yao na kutubu.

Linganisha na tunavyofanya sisi. Kwetu pembe inaelekezwa kwa adui: mchawi wa ukoo, bosi aliyekunyima cheo, jirani mwenye mpaka wa shamba. Kwao inaelekezwa kwa huyohuyo anayeisikiliza. Mpendwa, ukishaelewa hivyo utagundua kwamba hiyo toba unaweza kuianza leo jioni bila kununua chochote. Watu wa Lamu na Pate hawahitaji kufundishwa jambo hili. Siwa, pembe yao ya heshima, lilikuwa na siku zake na watu wake, na hakuna aliyelishika akalipuliza sokoni.

Kwenye shuka sitakaa sana. Vishada vile ni vya kumkumbusha Myahudi amri zote alizopewa, na kwa jamii nyingi ndiyo shuka anayosalia asubuhi maisha yake yote, kisha akazikwa nayo baada ya kishada kimoja kukatwa. Ukiona mhubiri anajifutia jasho nayo jukwaani, au anawarushia wagonjwa ili waanguke, utajua hakuna aliyemwambia. Mwambie wewe, kwa upole, baada ya ibada.

Sasa tuje kwenye chapati.

Katika makanisa yetu mengi siku hizi, Alhamisi Kuu huandaliwa "Meza ya Pasaka ya Kiyahudi". Meza zinapangwa ukumbini, vitambaa vyeupe, juisi ya zabibu kwenye vikombe vya plastiki, mbuzi wa kuchoma nje, na idara ya wanawake imepewa jukumu la mkate usiotiwa chachu. Wanaleta chapati. Chapati haina hamira, si ndiyo?

Simama karibu na mama anayekanda uone. Anachanganya unga, chumvi, mafuta na maji ya uvuguvugu. Anakanda mpaka donge lisigande mkononi, analifunika kwa kitambaa chenye unyevu, analiacha lipumzike nusu saa ili chapati zitoke laini. Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Matza, mkate wa Pasaka ya Kiyahudi, ni unga na maji, na tangu maji yaguse unga mpaka mkate uive dakika 18 zisipite. Donge likiachwa limelala kwa muda huo linahesabiwa limechacha, hamira iwepo isiwepo. Mama akifuata sheria ya matza atatoa kitu kikavu chenye kelele mdomoni, na wanakwaya watamlalamikia. Akifuata sheria ya chapati, ametandika mezani kitu kilekile ambacho familia ya Kiyahudi imetumia siku kadhaa kukisaka na kukitoa nyumbani. Wengi wao, usiku wa kuamkia siku ya maandalizi, huzima taa wakapita kila chumba na mshumaa, unyoya na kijiko cha mti, wakikusanya makombo ya mwisho, na asubuhi wanayachoma moto. Watoto hupenda sana usiku huo.

Mbuzi naye ana maneno yake. Tangu Hekalu lilipochomwa na Warumi mwaka 70, mwanakondoo wa Pasaka hachinjwi, na Wayahudi wengi wenye asili ya Ulaya hawali kabisa nyama ya kuchoma usiku huo, ili mtu asije akadhani sadaka imerudi. Mfupa mmoja huwekwa kwenye sahani ili ukumbukwe. Yaani ile meza tunayoiiga ni meza ya watu waliopoteza Hekalu. Utaratibu wake, ule wa vikombe vinne na maswali ya mtoto mdogo, tunaukuta umeandikwa kwa mara ya kwanza katika Mishna, mafundisho ya marabi yaliyokusanywa mwaka 200 hivi, na mengi yaliongezwa karne zilizofuata. Yesu alikula Pasaka na wanafunzi wake, lakini hakula hii. Mhubiri anayekuambia kwamba kipande fulani cha matza kilifichwa na kufichuliwa mezani pa Bwana kama kinavyofanywa leo anakusomea kitabu kilichoandikwa baada ya Bwana.

Na kuna jambo zito zaidi. Kwa karne nyingi katika Ulaya, majira ya Pasaka yetu yalikuwa majira ya hofu kwao. Uzushi kwamba Wayahudi huua watoto wa Kikristo ulisambaa tangu kisa cha Norwich, Uingereza, ambako mvulana alikutwa amekufa mwaka 1144. Aprili 1903, Jumapili ya Pasaka, kundi la watu lilianza kuvamia nyumba za Wayahudi mjini Kishinev, katika himaya ya Urusi, wakaua watu 49. Miezi minne baadaye, wajumbe wa Wazayuni mjini Basel walikuwa wanajadili pendekezo la serikali ya Uingereza la kuwapa Wayahudi makazi Afrika Mashariki, kwenye uwanda wa Uasin Gishu, upande wa Eldoret ya leo. Pendekezo lilikataliwa mwaka 1905. Wakazi wa Uasin Gishu hawakuulizwa na yeyote. Lakini jua kwamba wazo hilo lilifika kwetu likikimbia Jumapili ya Pasaka.

Kwa hiyo agizo langu ni hili: usiandae Pasaka ya Kiyahudi ukumbini kwenu. Ukialikwa na Myahudi, nenda, na uende na njaa, maana chakula huja baada ya masimulizi marefu. Utaona wakidondosha matone 10 ya divai kwa mapigo 10 ya Misri, kwa sababu hata mateso ya adui hupunguza furaha ya kikombe. Usipoalikwa, bado hujapungukiwa. Marko anasema Yesu na wanafunzi waliimba kabla ya kwenda Mlima wa Mizeituni, na wengi wanaamini waliimba Zaburi ya 113 hadi ya 118, zinazoimbwa Pasaka mpaka leo. Zaburi hizo unazo. Alhamisi Kuu zisome zote kwa sauti, familia ikipokezana, na Kutoka 12 mbele yake. Chapati leteni, iteni chapati.

Tendo la pili ambalo halina gharama ni kumwacha Farisayo apumzike.

Kwetu "Farisayo" ni tusi la kanisani. Mzee wa kanisa akiwa mkali kuhusu mavazi, Farisayo. Mhasibu akidai risiti, Farisayo. Fungua basi Biblia yako. Katika Luka 13 ni Mafarisayo waliomwonya Yesu kwamba Herode anataka kumwua. Katika Matendo 5, Gamalieli, Farisayo, ndiye aliyeliambia baraza liwaache mitume. Nikodemo, Farisayo, alileta manukato ya maziko. Paulo, akiwa Mkristo wa miaka mingi, alisimama mbele ya baraza akajitaja kuwa Farisayo, kwa wakati uliopo. Yesu aligombana nao kwa sababu walikuwa karibu naye: wote waliamini ufufuo wa wafu, jambo ambalo Masadukayo walilikataa, na wote walijadili namna ya kuishika Torati shambani, jikoni na sokoni. Watu wasio na la kufanana hawabishani kuhusu kunawa mikono.

Hekalu lilipoungua, makuhani walikosa madhabahu. Waliobaki na kitu cha kuwapa watu ni walimu wa mkondo wa Mafarisayo. Mmoja wao, Yohanan ben Zakkai, aliwakusanya katika mji wa Yavne, na kutokana nao ukakua Uyahudi wa sala, masomo na matendo ya huruma unaouona leo. Ukimtukana Farisayo mimbarani, Myahudi anayesikiliza anasikia babu wa imani yake akitukanwa.

Talmudi inasimulia juu ya mtu wa Mataifa aliyekwenda kwa Shamai akataka afundishwe Torati nzima akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Shamai akamfukuza na fimbo ya kupimia ujenzi. Akaenda kwa Hileli. Hileli akamwambia asimtendee mwenzake lile ambalo yeye mwenyewe analichukia, mengine yote ni maelezo, kisha akamwambia aende akajifunze hayo maelezo. Hileli alifundisha kabla Yesu hajaanza huduma. Makanisani kwetu tunapenda jibu la Hileli tukaishia katikati; nusu ya pili ndiyo kazi yako ya miaka 10 ijayo.

Ujue pia kwamba hukuanza wewe. Vuli ya mwaka 386, Wakristo wa Antiokia walikuwa wanakwenda sinagogini wakati wa sikukuu, wakisikiliza pembe na kufunga pamoja na Wayahudi, kama wewe unavyotamani. Kasisi wao kijana alikasirika. Ni Yohane Krisostomo, tunayemheshimu kama mtakatifu, na alihubiri hotuba nane dhidi ya desturi hiyo. Lengo lake lilikuwa kuwatisha Wakristo warudi kanisani, lakini kuwatisha alitumia kuwachafua Wayahudi, na maneno yale yalinakiliwa na kusomwa kwa karne nyingi baada ya mabishano ya Antiokia kusahauliwa.

Kwa wasomaji wa KKKT na makanisa mengine ya Kilutheri, hili lifuatalo linatuhusu kwa karibu. Mwaka 1523 Martin Luther aliandika kitabu cha kukumbusha kwamba Yesu alizaliwa Myahudi, chenye maneno ya upole. Alitumaini Wayahudi wangeingia kanisani. Hawakuingia. Mwaka 1543 aliandika kingine akishauri masinagogi yao yachomwe, nyumba zibomolewe na vitabu vichukuliwe. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, Wanazi walichoma masinagogi Ujerumani kote, na askofu wa Thuringia, Martin Sasse, akachapisha manukuu ya Luther akishangilia kwamba yanaungua siku ya kuzaliwa kwa Mwanamatengenezo. Wayahudi milioni sita waliuawa kabla ya vita kwisha. Shirikisho la Kilutheri Duniani liliyakataa maandishi hayo katika mkutano wake wa Budapest mwaka 1984. Kanisa Katoliki lilikuwa limeandika msimamo wake mpya katika tamko la Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965.

Nakuomba uiangalie nia yako kwa mwanga wa miaka ile 20 ya Luther. Aliwapenda kwa masharti, na masharti yalipokosekana upendo ukawa moto. Kama unajifunza kubariki mkate kwa Kiebrania ili umnase Myahudi, acha leo. Kama unajifunza kwa sababu unampenda Bwana wako na unataka kuijua nyumba aliyolelewa, endelea, na Myahudi akibaki Myahudi mpaka kifo chake, upendo wako usipungue hata chembe.

Kuhusu bendera, nitakuwa mfupi. Ile ya Israeli uliyobandika kwenye kioo cha bajaji ni ya dola lililoanzishwa mwaka 1948, lenye bunge, jeshi, na vyama vinavyogombana usiku kucha. Unaweza kuliunga mkono au kulipinga kwa jambo hili au lile, ukiwa na habari za kutosha na dhamiri yako. Usimdai Myahudi wa Nairobi hesabu ya uamuzi wa baraza la mawaziri ambalo hakulipigia kura. Na ukienda kuhiji, kumbuka Bethlehemu na Nazareti kuna Wakristo wa Kipalestina waliosali huko vizazi na vizazi. Mabasi yetu huwapita yakiwahi kwenye mawe. Washukie. Wasalimie.

Watu huuliza: nikisoma sana, nitaishia wapi? Jibu mojawapo liko Mbale, mashariki mwa Uganda. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa nchi hiyo ya mashariki akitumaini kufanywa mfalme wake. Hawakumfanya. Akajiunga na Wamalaki, Wakristo walioshika Sabato na kukataa dawa za hospitali, akaendelea kusoma Biblia. Akafika kwenye tohara. Inasimuliwa kwamba wenzake walimwambia hiyo ni ya Wayahudi, naye akajibu kwamba ikiwa hivyo, yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Hapo mwanzo jamii yake ilichanganya mambo, mpaka mwaka 1920 hivi alipopita Myahudi aitwaye Yosefu, akakaa nao miezi kadhaa akiwafundisha kalenda, sikukuu na uchinjaji. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Utawala wa Idi Amin ukapiga marufuku ibada yao. Waliobaki walisali kwa kujificha. Mwaka 2002 mamia yao walisimama mbele ya baraza la marabi, wakazamishwa majini kwa taratibu za uongofu, na mwaka 2008 Gershom Sizomu, mtoto wa jamii hiyo, alihitimu urabi Los Angeles akarudi Mbale.

Tazama hapo. Watu walioshika Sabato zaidi ya miaka 80, na kupata taabu kwa ajili yake, bado waliona ni haki wapige hodi kwa wenyewe. Kwa hiyo ile hadithi kwamba kabila lenu ni mojawapo ya makabila 10 yaliyopotea iweke kando, na jina la "Myahudi wa kiroho" liache wasiokuwa nalo waligombanie. Wewe ni mtu wa Mataifa uliyepokelewa. Ni heshima kubwa kuliko unavyodhani.

Je, uache kitimoto? Mitume walikaa Yerusalemu, Matendo 15, wakaamua kwamba watu wa Mataifa wasitwishwe tohara na Torati yote, wakawapa masharti machache: sanamu, damu, vilivyosongolewa, zinaa. Ukitaka kuacha nguruwe kwa hiari, acha, lakini usimfanye shemeji ajione amepotea mbele ya sahani yake. Kuhusu Sabato, ndugu zetu Wasabato wa Upare na Kisii wana hoja zao na wamezibeba kwa heshima, na Ethiopia mjadala ulikuwa mkali mpaka mtaguso wa Debre Mitmaq wa mwaka 1450, chini ya mfalme Zara Yakobo, ukaamua Jumamosi na Jumapili zote zishikwe. Ukitaka kuonja, zima simu kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi usiku. Utajua kwa nini amri hiyo iliwekwa miongoni mwa kumi.

Kazi kubwa ni kusoma. Wayahudi wameigawa Torati katika sehemu 54, na karibu kila wiki sinagogi nyingi duniani husoma sehemu ileile, kuanzia Mwanzo 1 katika majira ya Septemba au Oktoba, mara tu wanapomaliza Kumbukumbu la Torati. Tafuta kalenda hiyo, ingia walipofika, usisubiri mwanzo. Ukipata maelezo ya Rashi, Mfaransa aliyefariki mwaka 1105, yasome pembeni ya Biblia yako. Utashangaa jinsi anavyosimama kwenye neno ambalo wewe umelipita miaka yote. Siku nyingine panga vitabu vyako kwa mpangilio wao: Torati, Manabii, Maandiko, mwisho Mambo ya Nyakati. Yesu alipozungumzia damu ya Abeli hadi ya Zekaria, alitaja mauaji yaliyo mwanzoni na mwishoni mwa mpangilio huo. Kama wewe ni Mprotestanti, azima pia Biblia ya Kikatoliki usome Wamakabayo, la sivyo hutajua kwa nini Yohana 10 inamkuta Yesu hekaluni wakati wa baridi, kwenye sikukuu ambayo Agano la Kale lako halina.

Ukishasoma mwaka mzima, omba kutembelea. Nairobi sinagogi liko karibu na Chuo Kikuu, kando ya University Way, na jamii hiyo ina zaidi ya miaka 100 mjini. Usitokee tu mlangoni Jumamosi asubuhi. Andika mapema, eleza wewe ni nani, na usinung'unike mlinzi akikuomba kitambulisho, umeshasoma sababu. Mwanamume funika kichwa kwa kofia watakayokupa, ila ile shuka usiivae. Wanaume na wanawake wanaweza kuketishwa mbalimbali. Sabato usipige picha, usiandike, usitoe pesa wala kuuliza kikapu cha sadaka kiko wapi. Chakula cha nyumbani kwako usibebe, maana jikoni kwao kuna sheria ambazo sufuria yako haizijui. Kabati la magombo likifunguliwa na watu wakasimama, simama. Mungu asikuongoze kutoa unabii.

Baada ya sala huwa kuna kikombe cha divai, mkate, pengine samaki. Watakuuliza unatoka wapi. Wakikuuliza kuhusu Yesu, jibu ulichoulizwa, uishie hapo. Wasipokuuliza, uliza wewe kuhusu sehemu iliyosomwa asubuhi hiyo. Mzee wa kushoto atakupa jibu, mama wa mbele yako atasema huyo mzee amekosea, kijana atawaambia wote wawili hawajasoma mstari unaofuata, na mabishano yatapanda. Vuta kiti.